Waogesheni Wale wa Juzi

Kamba akianza kuoza huanzia kichwani. Kichwa kinaingia weusi pembeni, kama mtu aliyepaka wanja mkono ukamtetemeka, halafu weusi ule unashuka shingoni, na ukimnyanyua kichwa kinabaki kwenye vidole vyako na kiwiliwili kinaanguka chini. Harufu yake haifanani na ya samaki aliyevunda. Ni kali, inapanda puani moja kwa moja mpaka machozi yanatoka. Mimi nimekaa na kamba miaka mingi, na nilikuwa naweza kunywa chai na chapati huku deli la kamba waliooza likiwa wazi mbele yangu. Ndiyo maana watu wakisikia niliacha ile kazi kwa kinyaa wanacheka. Wanadhani nasingizia.

Nilikuwa mpokeaji kwenye ghala la kamba pale Kibiti, nyuma kidogo ya barabara iendayo Lindi. Ghala lenyewe ni chumba kimoja kirefu chenye sakafu ya sementi, majokofu ya kulala na madeli makubwa ya plastiki ya kutilia barafu. Kamba walitoka Salale na visiwa vya jirani. Kule mama yangu mdogo na wanawake wenzake waliwakusanya kwa wavuvi, wakawaosha kwa maji safi, wakawatandika kwenye barafu, boti ikawaleta gatini, na kutoka gatini wakapakiwa kwenye kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, mpaka kwetu. Kazi yangu ilikuwa kuwachambua, kuwapanga kwa ukubwa, na kusema huyu anafaa na huyu hafai. Mwenye ghala tulimwita tajiri, kama wavuvi wanavyomwita yeyote anayenunua mzigo wao, na yeye jina hilo lilimkaa vizuri.

Sasa mikono ya mtu anayechambua kamba haifai kushika simu. Ina utelezi, ina magamba, na vidole vimechomwa na zile pembe za kichwani mpaka ngozi imekuwa ngumu. Na simu nayo haikomi kuita. Mara nahodha anapiga kusema boti imechelewa, mara mama mdogo anapiga kusema barafu haitoshi, na katikati ya hayo anaongeza kwamba dawa yake ya macho imeisha, nimtumie na boti ya kesho. Naitikia, ewaa, nimesikia. Nikitaka kuandika nisisahau, lazima nijifute kwenye kanga, nifungue simu kwa kidole ambacho simu yenyewe haikitambui, niandike namba za siri, nitafute pale pa kuandikia, na kabla sijaandika neno la kwanza simu inaita tena. Dawa ya macho nikaisahau. Safari ya pili nikaisahau tena. Mama mdogo hakunilaumu, aliuliza tu kama mjini dawa zimeadimika, na swali lile liliniuma kuliko kusemwa.

Aliyenisaidia ni binti mmoja aliyekuwa akiuza makava ya simu karibu na stendi. Nilikwenda kubadilisha kioo kilichopasuka, nikamweleza adha yangu, akaniambia mbona jambo dogo hilo, mama. Akanitengenezea njia ya mkato. Akaweka kitufe kikubwa chekundu kwenye uso wa simu, pale pale mbele panapotokea saa na tarehe, hakuna kufungua wala namba za siri. Unakigusa mara moja, simu inakusikiliza, unasema sentensi yako, imeshaingia kwenye orodha ya kazi. Inaandika maneno na sauti inabaki nayo. Akanionyesha kwamba hata kwa fundo la kidole kinakubali, hata kwa kiwiko.

Sitakisema vibaya kitufe kile kwa jinsi kilivyoanza. Nilikipenda. Mikono ikiwa kwenye deli, naigusa simu kwa fundo la kidole pale ilipoegemea ukutani, nasema, "Mama mdogo, dawa ya macho," na naendelea na kazi. Jioni nilinawa kwa ndimu, nakaa kwenye kreti iliyopinduliwa, nasikiliza sauti yangu mwenyewe ikinikumbusha mambo ya mchana. Wakati mwingine simu ilikosea kuandika, barafu ikawa barua, lakini sauti ilikuwepo, nacheka peke yangu. Ukimaliza jambo unagusa kiduara pembeni yake, inatokea alama ya tiki, sentensi inapigwa mstari na kuzama chini. Dawa ya macho ilifika Salale.

Tajiri alikiona siku alipopita ghalani. Akaniuliza ni nini, nikamweleza, akafurahi kama aliyeokota kitu. Nisimsingizie, zamani mtu yule alikuwa mchapakazi. Alikuwa akija alfajiri, anakunja suruali, anaingiza pua yake mwenyewe kwenye deli. Ila tangu ajenge nyumba ya vigae alianza kuona uvundo. Akifika alisimama mlangoni na leso mdomoni, anazungumza nasi kutokea barabarani, kama sisi ndio tuliooza. Basi akamwita yule binti, akamtengenezea kitufe kwenye simu yake, kwenye simu ya dereva wa kirikuu, na kwenye simu ya mwanamume aliyekuwa akiosha mzigo na sakafu. Na orodha zetu zote zikaunganishwa kuwa moja. Akisema yeye, tunapata sote. Akaniambia sasa kazi itakwenda kisasa, hakuna tena kupigiana simu na kubishana.

Kuanzia hapo hatukumwona. Tulimsikia tu.

Na tulimsikia akila. Hilo ndilo la kwanza lililonitia kichefuchefu, na najua ni dogo. Kwa kuwa kitufe kilikuwa rahisi kuguswa, alikigusa wakati wowote jambo lilipomjia, na mambo mengi yalimjia akiwa mezani. Unafungua orodha unasikia meno. Unasikia anavyomumunya mfupa, anavyoramba vidole, anavyovuta chai, halafu katikati ya mate yake linatoka agizo. Sakafu isuguliwe. Dereva asisimame njiani. Wale wadogo wachanganywe na wakubwa. Hapakuwa na salamu, wala habari za asubuhi. Mtu tuliyekuwa tukimwamkia kila siku na kumuuliza hali ya watoto wake alikuwa amegeuka mdomo unaotafuna ndani ya simu yangu. Nilijaribu kusoma maandishi bila kusikiliza sauti, lakini maandishi yalikosewa mno, kwa hiyo ilinilazimu kusikiliza. Nilifika mahali nikila chakula changu nasikia meno yake ndani ya kichwa changu, naacha sahani.

Tena kitufe kile kilimfundisha kusema maneno mafupi. Zamani akitaka jambo lisilofaa ilibidi aje atutazame usoni, atafute maneno, aone sisi tunamtazamaje. Sasa aligusa, akatupa maneno matatu, akaendelea na mlo.

Siku ninayotaka kuieleza umeme ulikuwa umekatika, na jenereta ya ghala ilikuwa na tatizo lake. Boti ya kutoka Salale nayo ilikwama kwenye tope la mikoko maji yalipokupwa, ikasubiri mpaka maji yajae tena. Mzigo ulipofika barafu ilikuwa imeyeyuka, kamba wanaelea kwenye maji ya vuguvugu. Niliwachambua, waliofaa wakawa wachache, nikawapa barafu kidogo iliyokuwepo. Waliobaki niliwatenga kwenye madeli mawili na kugusa kitufe, nikasema wale wa madeli ya kona wameharibika, wakazikwe. Sikuona jibu. Kesho yake nikawa na homa kidogo, nikalala nyumbani.

Nilipoingia ghalani asubuhi ya siku iliyofuata, kitu cha kwanza kilichonishangaza ni kwamba hapakunuka. Au niseme palinuka kitu kingine, harufu ya wodi iliyotoka kupigwa deki. Yule mwoshaji alikuwa ameinama juu ya beseni, mikono imezama mpaka kwenye viwiko, anakoroga. Ndani ya beseni mlikuwa na wale kamba wangu wa kuzikwa. Alikuwa amewakata vichwa vyote, maana kichwa ndicho kinachosema ukweli, na viwiliwili akavitia kwenye maji ya sabuni ya unga na dawa ile ya kung'arishia nguo nyeupe. Walikuwa weupe, weupe wa kuchukiza, kama vidole vya mtu aliyekaa majini muda mrefu. Pembeni kulikuwa na deli la waliokwisha kuoshwa, limefunuliwa. Pale ghalani inzi hawakosekani, wanatua hata kwenye kope. Juu ya deli lile hakutua hata mmoja. Walikuja mpaka ukingoni, wakazunguka, wakaondoka.

Nilimuuliza anafanya nini. Hakuninyanyulia uso. Alinijibu kwa kidevu, akionyesha simu yake iliyokuwa dirishani. Nikafungua yangu. Palikuwa na sauti ya tajiri, anatafuna kitu kikavu, korosho labda, anasema, "Waogesheni wale wa juzi." Chini yake palikuwa na nyingine, "Ndio mzigo wa harusi ya Mtawanya."

Neno lile la kuogesha ni la watu. Tunaogesha watoto. Tunaogesha wagonjwa. Nilimtazama mwoshaji, mtu mzima mwenye wake na watoto, nikaona ngozi ya mikono yake imeanza kumenyuka kwa ile dawa.

"Mie naambiwa, nafanya," akasema.

Harusi ya Mtawanya, kijiji cha jirani na Kibiti, niliijua. Mama wa bibi harusi tulisoma chuo cha Kurani pamoja, tukikaa mkeka mmoja na kuchapwa fimbo moja kwa kuchelewa. Nilikuwa nimealikwa, na kanga ya sare niliyogawiwa ilikuwa nyumbani imekunjwa. Yeye ndiye aliyekuja ghalani wiki kadhaa nyuma kuagiza, na aliagiza pale kwa sababu mimi nipo. Aliniambia hivyo hivyo, kwamba kwa kuwa wewe upo, sina wasiwasi.

Nikampigia tajiri. Nikamwamkia, nikamwambia kamba wale wameoza na sasa wametiwa sumu, harusi ile ina watoto na wazee, wasiende. Alinisikiliza kwa utulivu, hakukasirika hata kidogo.

"Umeliweka kwenye kitufe?" akauliza.

"Nakwambia wewe hapa, tajiri. Nakwambia kwa mdomo wangu."

"Liweke kwenye kitufe, tufuate utaratibu. Mambo ya mdomoni yanapotea," akasema, akakata.

Nililiweka. Najiona mjinga nikikumbuka, lakini nililiweka. Niligusa kile chekundu na kusema pole pole, ili simu isikosee, kwamba kamba wa juzi wameoza, wametiwa sabuni na dawa ya nguo, wasipelekwe harusini, watu watadhurika. Yakaandikwa vizuri, bila kosa hata moja. Nikasimama pale mlangoni na simu mkononi, nikiitazama sentensi yangu. Haikupita muda mrefu, pembeni yake pakatokea tiki. Ikapigwa mstari, ikazama chini pamoja na sakafu zilizosuguliwa na madeli yaliyofungwa. Imekamilika. Mtu yule alikuwa amekaa mahali, ameisoma, amegusa kiduara kwa kidole chake, na kwake jambo limekwisha. Kisha likaja agizo jipya, mzigo wa Mtawanya uondoke kabla jua halijawa kali. Na meno yalikuwepo.

Mate yalinijaa mdomoni, nikatoka nje, nikatapika kwenye mtaro. Mimi niliyekuwa nakunywa chai mbele ya kamba waliooza nilitapika mpaka nyongo. Dereva wa kirikuu alikuwa akipakia, akaniuliza kama nina ujauzito, nikamwambia sina. Nikamwomba asiondoke. Akasema ana agizo, akanionyesha simu yake. Nikavuka barabara, nikachukua bodaboda, nikamwambia anipeleke Mtawanya haraka.

Kwenye harusi nilikuta shughuli imepamba moto. Turubai limefungwa uani, wanawake wamekaa kwenye majamvi wanakuna nazi, wengine wanachambua mchele, ngoma iko upande wa pili wanajaribu kuipasha moto. Wapishi wameteleka maji. Mwenzangu, mama wa bibi harusi, aliponiona alinyanyuka kwa furaha, akidhani nimewahi kuja kumsaidia, halafu akauona uso wangu, akanivuta pembeni nyuma ya nyumba.

Nilimweleza. Nilimweleza yote, na nikaona uso wake unavyokataa. Si kwamba aliniona mwongo. Alikuwa anawaza wageni, mchuzi uliokwisha kutangazwa, wakwe waliokuwa njiani kutoka Kibiti, na aibu. Aliniuliza kama nimeona kwa macho yangu. Nikamwambia nimeona na nimenusa. Akaniuliza kama haiwezekani wakaoshwa tena, wakatiwa ndimu nyingi. Nikamwambia hapana. Akawa anafunga na kufungua fundo la kanga yake.

Kirikuu kikafika wakati ule ule. Dereva akateremsha madeli bila kunitazama. Wanawake wakaja kuyapokea kwa vigelegele, na kwa kweli ukiwatazama wale kamba walipendeza, weupe, safi, wamelala kwenye barafu mpya iliyopatikana sijui wapi. Mmoja wa wapishi akasema hajapata kuona kamba wasafi namna ile. Mwenzangu alisogea, akainama, akanusa. Alibaki ameinama kwa muda. Nadhani alitaka kuamini pua yake imekosea. Halafu akamwambia mpishi achote kidogo, awatie kwenye sufuria ndogo awachemshe, tuonje.

Sikujua nini kitatokea. Nilidhani labda harufu ya uozo itarudi wakipata moto. Maji yalianza kuchemka, na juu yake pakaanza povu. Povu la kamba lipo siku zote, tunalitoa kwa mwiko. Hili halikutoka. Lilipanda. Lilikuwa jeupe, lina mapovu makubwa yanayong'aa rangi rangi kama ya beseni la nguo, likafika ukingoni mwa sufuria, likamwagika kwenye kuni, na moshi ulionyanyuka ulikuwa na harufu ya sabuni na chini yake harufu ile ile kali, kama mkojo. Waliokuwa wakikuna nazi wakaacha. Povu likaendelea kumwagika. Bibi mmoja aliyekuwa amekaa karibu akajifunika pua kwa upindo wa kanga na kugeukia ukutani. Mpishi alishika mwiko hewani, hajui auweke wapi.

Tajiri alifika tukiwa bado tumesimama hivyo. Alikuwa mwalikwa, ndivyo ilivyo kwetu, anayekuuzia mboga ya harusi naye huitwa kula. Alikuja na kanzu iliyopigwa pasi, kofia ya mkono, manukato yanamtangulia. Akatoa salamu, tukaitikia, maana salamu huitikiwa. Akaiona sufuria. Aliona pia mimi nipo, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi nikaona amebabaika. Mwenzangu akamwonyesha kwa mkono tu.

Na tajiri akafanya jambo ambalo sijalisahau na sitegemei kulisahau. Aliingiza mkono kwenye mfuko wa kanzu, akatoa simu, akaigusa, akaisogeza mdomoni. Akasema, mbele ya wanawake wote wale, kwa sauti ya mtu mwenye shughuli nyingi, kwamba yafuatiliwe malalamiko ya kamba wa Mtawanya. Simu yangu ikatetemeka kifuani kwangu. Agizo lile lilikuwa limenifikia mimi.

Mwenzangu hakupandisha sauti. Ni mwanamke mpole, hata wanawe huwakanya kwa kunong'ona.

"Baba, nitazame mie," akamwambia. "Aliyekuagiza ni mie, si hiyo simu."

Tajiri akaanza kusema kwamba kuna wafanyakazi wazembe, kwamba atalichunguza. Mwenzangu alikuwa amekwisha chukua sahani. Akaipangusa kwa kanga, akachota wale kamba kutoka kwenye povu, wakadondoka kwenye sahani wameloa na kulegea. Akaweka kigoda, akaweka sahani juu yake, akaleta maji ya kunawa na kumshikia beseni, kwa adabu zote za kumkaribisha mgeni.

"Karibu," akasema. "Wewe ndiye wa kwanza kuonja."

Alinawa. Sijui kwa nini alinawa, nadhani mikono ilikubali kwa mazoea. Alikaa kwenye kigoda, akaitazama ile sahani. Mapovu yalikuwa yakipasuka moja moja juu ya kamba. Tulimzunguka, na hakuna aliyemtukana. Nilitazama mdomo wake. Mdomo ule niliousikia miezi yote ukitafuna, ukimumunya, ukivuta chai, ulikuwa umefungwa kabisa, midomo imebanana mpaka imepoteza rangi. Nilitarajia nifurahi. Nilichosikia ni kinyaa zaidi, kwa sababu nilielewa kwamba tangu mwanzo alijua. Mtu asiyejua angekasirika, au angemega kidogo. Yeye alinyanyuka, akashika ncha ya kanzu yake isiguse sufuria, akasema ana dharura, akaondoka.

Harusi ilikwenda. Majirani walitoka nyumba hadi nyumba, kila mmoja akarudi na kuku wake, na aliyekosa kuku alileta kunde. Wali ulichelewa, wakwe walikaa na njaa kidogo, lakini hakuna aliyeumwa na bibi harusi alitoka amependeza. Kabla ya hapo wanaume walichimba shimo mbali na kisima, tukamwaga madeli yote mawili, tukafukia. Mbwa walikuja kunusa wakaondoka. Mimi sikula siku ile. Mwenzangu alinikalisha karibu yake, akanimegea kwa mkono wake, nikashindwa. Alielewa, akanipa maji.

Kazi niliiacha bila kuaga. Nilirudi tu ghalani kuchukua kanga yangu ya kazi na kisu changu. Mwoshaji alikuwepo, akaniambia hakulala vizuri, kwamba naye ana binti anayetarajia kuolewa. Nilimwonea huruma na bado nilishindwa kumpa mkono. Mikono ile nilikwisha kuiona ndani ya beseni. Baadaye alihamia kwenye kupakia mbao, na tukikutana tunasalimiana kwa mbali, yeye hanyooshi mkono na mimi sinyooshi.

Kitufe nilikifuta siku hiyo hiyo. Nilikaa kwenye ngazi ya duka la yule binti nikamwambia akitoe, na orodha yote itoke. Aliniambia anaweza kuniwekea kingine cha peke yangu, kisichoungana na mtu. Alikuwa ananihurumia, na alikuwa na haki, kosa halikuwa la kitufe. Lakini nilipofikiri kukigusa nilisikia kama nagusa kitu chenye mate ya mtu. Nimerudi kusahau mambo. Watu wanalalamika, nawaambia wanipigie tena.

Mama mdogo nilimweleza ana kwa ana, nilipokwenda Salale. Nilidhani atauliza habari za harusi. Aliuliza juu ya kamba. Alitaka kujua walikuwa wa siku gani, walitoka kwenye boti ipi, na nilipomwambia alikumbuka kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyewaosha na kuwapanga. Aliitazama mikono yake. Halafu akajifunga kanga, akaenda kwa wenzake, nyumba hadi nyumba. Wanawake wale hawakufanya mkutano wala kumwandikia mtu. Boti ya tajiri ilipokuja waliiambia hakuna mzigo, na ilipokuja tena wakaiambia hivyo hivyo, huku mzigo umetandikwa kwenye barafu mbele ya macho ya nahodha ukimsubiri mnunuzi mwingine. Ghala la Kibiti likabaki na madeli makavu, na baadaye mlango ukapata rangi mpya, pakawa pa kuuzia saruji.

Nimekutana na tajiri mara moja tangu wakati ule, sokoni Kibiti, kwenye meza za nyanya. Alinisalimia vizuri, akaniuliza habari za nyumbani. Halafu akasema, kwa upole kabisa, kama anayenionea uchungu, kwamba lile jambo lingeisha kimya kimya kama ningemfuata nyumbani nikamweleza kwa mdomo. Nadhani alikwisha kujiaminisha hivyo. Nikamlipa mwenye nyanya, nikaondoka.

Siku hizi nakausha uduvi Salale pamoja na mama mdogo. Tunauanika juani, tunaupeta, tunautia kwenye viroba. Mnunuzi wetu ni mwanamke wa huku huku visiwani, mwenye kelele nyingi. Anaingiza mkono mpaka chini ya kiroba, anachota, anatafuna mbele yetu na kutema usiomridhisha, na tunagombana naye bei mpaka sauti zinakauka. Uduvi nauuza. Kamba sijala tena, na nikialikwa mahali nikaona mchuzi wenyewe umefunikwa kawa, naomba wali mtupu.